Nyumba moja, hesabu mbili: kisa cha mama aliyeuza jengo la apatimenti tatu Worcester

Mama huyu alinunua nyumba yake Worcester, Massachusetts, Julai 2011, akaiuza Julai 2025. Ni zile nyumba za mbao za ghorofa tatu zilizojaa kwenye mitaa ya mji huo, zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya familia za wafanyakazi wa viwanda: apatimenti moja chini, moja katikati, moja juu, na baraza za mbao zikipandana kwa nyuma. Yeye aliishi chini miaka yote 14. Katikati na juu walikaa wapangaji, watu baki, kwa bei ya soko. Ni muuguzi na ni raia wa Marekani. Aliachana na mumewe kabla ya kununua, watoto wake wanajitegemea, na hati ya nyumba ina jina lake peke yake.

Aliponijia nimfanyie hesabu za kodi, mkataba wa mauzo ulikuwa umeshatiwa saini lakini makabidhiano yalikuwa bado. Akaniambia: "Mwanangu, nimeelezwa kwamba mtu akiuza nyumba anayoishi, faida ya laki mbili na nusu ya kwanza haina kodi. Mimi nimeishi humu, sijahama hata siku moja. Basi nipigie tu hesabu ya hicho kinachozidi."

Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wengi wenye nyumba kama yake, na nina sababu ya kukieleza kisa hiki chote bila kuruka. Msamaha wa dola 250,000 upo kweli. Ila haufuati jengo, unafuata makazi. Kwenye nyumba ya familia moja tofauti hiyo haionekani kabisa. Kwenye nyumba ya apatimenti tatu ndiyo inayoamua karibu kila kitu, na kwa mama huyu palikuwa na jambo la pili lililojificha kwenye fomu zake za zamani, zito kuliko la kwanza.

Takwimu nimezizungusha ili msomaji azifuate akiwa na kalamu.

Alichonunua na alichouza

Bei ya kununua pamoja na gharama za kisheria zinazoruhusiwa kuingizwa ilikuwa dola 270,000. Apatimenti zote tatu zina ukubwa sawa, kwa hiyo kila moja inabeba dola 90,000. Kwa mujibu wa makadirio ya jiji yaliyotumika mwaka aliponunua, ardhi ilikuwa 20% ya thamani. Hiyo ina maana kwamba ndani ya kila dola 90,000, dola 18,000 ni ardhi na dola 72,000 ni jengo. Mgawanyo huo wa ardhi na jengo tutauhitaji baadaye, kwa sababu ardhi haichakai.

Julai 2018 alibadilisha paa kwa dola 27,000. Paa ni la nyumba nzima, kwa hiyo kila apatimenti inapata dola 9,000. Mwaka 2020 alifanya upya jiko la chini, lake mwenyewe, kwa dola 24,000. Hizo zinakwenda zote kwenye apatimenti yake, haziwagusi wapangaji. Alikuja pia na bahasha ya risiti za rangi, mabomba na kufuli za milango ya wapangaji, akitaka ziingie. Hizo ni matengenezo ya kawaida, na alikuwa ameshazitoa kwenye pango la mwaka husika. Haziwezi kuhesabiwa tena.

Risiti ya paa ilikuwa imepotea. Tulichopata ni nakala ya hundi kutoka benki, na kibali cha ujenzi kwenye kumbukumbu za jiji kinachotaja kazi iliyofanywa na gharama iliyotangazwa. Viwili hivyo vikikubaliana vinatosha kabisa kusimamia hesabu, na ningemshauri yeyote mwenye nyumba aende kuviomba kabla hajakata tamaa na risiti.

Bei ya kuuza: dola 780,000. Dalali 5%, yaani dola 39,000. Ushuru wa hati wa Massachusetts, ambao hulipwa na muuzaji, ni dola 4.56 kwa kila dola 1,000 ya bei, hivyo dola 3,556.80. Ukiongeza wakili na gharama ndogondogo, jumla ya gharama za kuuza ni dola 45,000. Zinabaki 735,000, sawa na dola 245,000 kwa kila apatimenti.

Hapa mama alinisimamisha. Alikuwa bado anadaiwa mkopo wa dola 180,000, kwa sababu mwaka 2019 aliufanya upya mkopo wa nyumba na kutoa fedha za kujenga nyumbani kwao. "Benki itachukua zake kwanza, kwa hiyo faida yangu ni ndogo." Nilielewa kwa nini anaona hivyo, maana kinachoingia mkononi ni dola 555,000 tu. Lakini kodi haiangalii kilichoingia mkononi. Inaangalia tofauti kati ya bei ya kuuza na gharama ya kununua na kuboresha. Fedha za mkopo zilipotoka mwaka 2019 hazikutozwa kodi, na zinaporudi benki hazipunguzi faida. Kama zingeingia kwenye paa au jiko la nyumba hiyohiyo, zingehesabiwa kama maboresho. Zilikwenda kwenye nyumba nyingine, basi kwenye hii hazina nafasi.

Sheria inaliangalia jengo kwa vipande

Kifungu cha 121 cha sheria ya kodi ya mapato ya Marekani, kwa sura yake ya sasa, kilianza kwa mauzo ya baada ya tarehe 6 Mei 1997. Mtu asiye na ndoa anasamehewa faida ya hadi dola 250,000. Wanandoa wanaojaza fomu pamoja, hadi dola 500,000. Masharti makuu ni kuimiliki na kuishi ndani yake kama makazi makuu angalau miaka 2 katika 5 ya mwisho kabla ya kuuza, na kutotumia msamaha huo kwa nyumba nyingine katika miaka 2 iliyotangulia. Mama aliyatimiza yote.

Kanuni za utekelezaji ndizo zinazoweka mpaka. Zinasema msamaha hautumiki kwa sehemu ya mali iliyo nje ya makazi ya mwenyewe na iliyotumika kwa shughuli nyingine. Apatimenti yenye mlango wake, jiko lake na bafu lake ni makazi yanayojitegemea, hata kama iko juu ya dari ya chumba chako cha kulala. Kwa macho ya sheria, mama hakuuza nyumba moja Julai 2025. Aliuza makazi yake, na siku hiyohiyo, kwa hati hiyohiyo, akauza mali mbili za kupangisha.

Linganisha na mtu aliyepangisha chumba ndani ya apatimenti anayoishi. Mpangaji anapita sebule moja na mwenye nyumba na wanapika jiko moja. Kanuni hizohizo zinasema huyo hahitaji kugawa faida. Yote inaingia kwenye msamaha, isipokuwa kiasi kinacholingana na uchakavu wa chumba kile (punguzo la kodi kwa ajili ya jengo kuchakaa, tutalifikia) tangu Mei 1997. Watu wawili wanaweza kupokea pango sawa kwa miaka sawa, mmoja akasamehewa karibu yote na mwingine theluthi moja tu, kwa sababu ya ukuta na jiko la pili. Mimi naona ni sheria kali kwa watu wa kipato cha kati, ambao wamenunua nyumba za aina hii hasa kwa sababu pango ndilo linalolipa mkopo. Lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Jambo moja la pembeni: huwa nauliza kama yupo ndugu aliyeishi ghorofa ya juu kwa bei ya undugu au bure. Apatimenti ya namna hiyo si makazi ya muuzaji, kwa hiyo haipati msamaha, na pia si biashara ya kupangisha yenye haki ya kudai uchakavu. Inakaa peke yake katikati, na hesabu yake inabadilika. Kwa mama huyu hapakuwa na ndugu.

Apatimenti ya chini

Hapa ni rahisi. Dola 245,000 za mauzo, toa dola 90,000 za kununua, 9,000 za paa na 24,000 za jiko. Faida ni dola 122,000. Iko chini ya 250,000, inasamehewa yote, ya shirikisho na ya jimbo, maana Massachusetts inaufuata msamaha huo.

Kilichomuuma mama ni kile kilichobaki. Msamaha wake ulikuwa na nafasi ya dola 128,000 zaidi, na nafasi hiyo haiwezi kupandishwa ghorofa ya katikati. Inapotea. Alikuwa amejipigia hesabu ya faida ya nyumba nzima, dola 414,000, akatoa 250,000, akabaki na 164,000 za kulipia kodi. Kiasi halisi cha kuanzia, kabla hata hatujagusa uchakavu, kilikuwa dola 292,000.

Ya katikati na ya juu

Apatimenti mbili za wapangaji ziliuzwa kwa dola 490,000 baada ya gharama. Gharama yake ya msingi ni dola 180,000 za kununua na 18,000 za paa: jumla 198,000. Tofauti ni hizo 292,000.

Kisha kinakuja kitu ambacho mama hakuwahi kukisikia. Jengo la makazi la kupangisha huhesabiwa kwamba linachakaa kwa miaka 27.5, kiasi kilekile kila mwaka, na mwenye nyumba anakitoa kwenye pango kama gharama ingawa hakuna senti iliyomtoka. Kwa apatimenti mbili, jengo ni dola 144,000. Ukigawa kwa 27.5 unapata dola 5,236.36 kwa mwaka. Paa la 2018 lina ratiba yake yenyewe: dola 18,000 kwa 27.5, yaani dola 654.55 kwa mwaka. Mwezi wa kuanza na mwezi wa kuuza huhesabiwa nusu nusu, na kwa kuwa alianza Julai na kuuza Julai, hesabu inakuja safi: miaka 14 kamili ya jengo ni dola 73,309, miaka 7 ya paa ni dola 4,582. Jumla dola 77,891.

Uchakavu huo unapunguza gharama ya msingi. Dola 198,000 zinashuka hadi 120,109, na faida ya apatimenti mbili inapanda kutoka 292,000 hadi 369,891. Hizo 77,891 za juu zina kiwango chao cha kodi: cha kawaida cha mlipaji, kisichozidi 25%. Zilizobaki, 292,000, zinatozwa kama faida ya mtaji ya muda mrefu, yaani faida ya kuuza mali iliyomilikiwa zaidi ya mwaka, ambayo kwa kipato chake ni 15%.

Mstari wa 18

Nikamwomba fomu zake za nyuma. Pango la wapangaji hujazwa kwenye Jedwali E, na mstari wa 18 wa jedwali hilo ndio wa uchakavu. Nilifungua ya 2024: mstari mtupu. Ya 2023: mtupu. Nikarudi nyuma hadi ya 2011. Riba ya mkopo imejazwa, bima imejazwa, kodi ya mali ya jiji imejazwa, hata gharama za kusafisha theluji zimegawanywa vizuri kwa theluthi. Mstari wa 18 hauna kitu, miaka yote.

Mtayarishaji wa fomu aliyemtumia alikuwa amemweleza kwamba wanauacha makusudi, "ili usije ukaulipa siku ya kuuza." Mama aliona ni ushauri wa busara na akashukuru. Maelezo hayo yanaingia akilini haraka, na ndiyo maana yanaenea. Ukweli ni kinyume. Sheria inapunguza gharama ya msingi kwa uchakavu uliodaiwa *au uliopaswa kudaiwa*. Mwenye nyumba asipoutoa kwenye pango, siku ya kuuza unahesabiwa vilevile kana kwamba aliutoa. Mama alilipa kodi ya mapato juu ya pango lote kwa miaka 14 bila punguzo lake, na sasa alikuwa anakaribia kulipa tena juu ya dola 77,891 ambazo hazikuwahi kumpa nafuu yoyote.

Alinyamaza, kisha akauliza kama tunaweza kuzirekebisha fomu zote za zamani. Kwa kawaida fomu zinarekebishwa kurudi nyuma miaka 3 tu. Kwa njia hiyo uchakavu wa 2011 hadi 2021 ungekuwa umekwenda moja kwa moja, na kwa mtu ambaye ameuacha mstari huo mtupu miaka miwili mfululizo au zaidi, kurekebisha fomu za nyuma hata si njia inayokubalika.

Njia iliyopo ni Fomu 3115, maombi ya kubadilisha utaratibu wa kihasibu. Kutodai uchakavu kwa miaka miwili au zaidi mfululizo kunahesabiwa kwamba mtu alikuwa anatumia utaratibu usioruhusiwa. Anaruhusiwa kuhamia utaratibu sahihi, na tofauti yote ya miaka iliyopita anaitoa kwa mkupuo katika mwaka wa mabadiliko. Idhini hutolewa moja kwa moja, bila ada, na IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, inaruhusu jambo hili lifanyike hata katika mwaka ambao mali imeuzwa, ilimradi fomu iambatane na hesabu za mwaka huo zilizowasilishwa ndani ya muda. Watayarishaji wengi wanaikwepa kwa sababu ni ndefu. Kwangu mimi hakuna fomu iliyowahi kumfaa mteja wa aina hii kuliko hiyo.

Uchakavu wa jengo hadi mwisho wa 2024 ulikuwa dola 70,473, wa paa dola 4,227. Jumla dola 74,700 zilizotolewa kwa mkupuo kwenye hesabu za 2025. Uchakavu wa nusu ya kwanza ya 2025, dola 3,191, ulikwenda mahali pake kwenye Jedwali E na kulimeza pango kidogo lililobaki baada ya gharama za miezi ile. Kwa kuwa ameuza shughuli nzima ya upangishaji, na faida ya mauzo hayo yenyewe inahesabiwa kuwa mapato ya shughuli hiyohiyo, vikomo vya hasara za upangishaji havikuuzuia mkupuo huo.

Sasa tuone ulileta nini. Mshahara wake ni dola 82,000, na punguzo la kawaida la 2025 kwa mtu asiye na ndoa, yaani kiasi cha kipato kisichotozwa kodi, ni dola 15,750.

Bila Fomu 3115, kipato kinachotozwa kwa viwango vya kawaida kingekuwa dola 66,250 za mshahara na juu yake 77,891 za uchakavu. Watu husema sehemu ya uchakavu hutozwa 25%, lakini hiyo ni dari tu. Kwa mama, ngazi ya 22% mwaka 2025 ilifika dola 103,350, kwa hiyo dola 37,100 za kwanza za uchakavu zingetozwa 22% na 40,791 zilizobaki 24%. Jumla dola 17,952. Faida ya mtaji ya 292,000 kwa 15% ni dola 43,800. Halafu ile kodi ya 3.8% juu ya mapato ya uwekezaji, iliyoanza 2013, inayomgusa asiye na ndoa akivuka dola 200,000: kipato chake kingekuwa dola 451,891, amezidi kwa 251,891, kodi dola 9,572. Mauzo yangemgharimu dola 71,324 za shirikisho juu ya kodi ya mshahara wake.

Kwa Fomu 3115, dola 74,700 zinatoka. Kipato chake chote kinashuka hadi 377,191. Kodi ya viwango vya kawaida, mshahara na uchakavu vikiwa pamoja, inakuwa dola 10,191 badala ya 27,441. Ile 43,800 haibadiliki. Kodi ya 3.8% inashuka hadi 6,733, kwa sababu kipato kilichozidi kimepungua. Mauzo sasa yanamgharimu dola 51,235 za shirikisho. Tofauti inazidi kidogo dola 20,000.

Hizo dola 20,000 si zawadi. Kwa sehemu kubwa ni zile alizolipa zaidi kidogo kidogo tangu 2011, zikirudi bila riba. Angezidai kwa wakati wake, zingemsaidia miaka ambayo watoto walikuwa bado wanasoma. Nilimweleza hivyo waziwazi, kwa sababu sikutaka atoke akiamini kwamba kuacha mstari wa 18 mtupu kulikuwa ni aina ya akiba.

Massachusetts inatoza 5% ya faida hiyo ya apatimenti za kupangisha, takriban dola 18,500. Nyongeza ya 4% iliyoanza 2023 ni ya wenye kipato kinachozidi dola milioni 1 na ushei, haimhusu.

Njia nyingine tulizozizungumza

Makabidhiano yalikuwa bado, kwa hiyo kubadilishana mali kwa kifungu cha 1031 kulikuwa bado mezani. Theluthi mbili za mauzo, zile za kupangisha, zingeweza kuingia kwenye mali nyingine ya uwekezaji bila kodi kulipwa sasa, huku theluthi yake mwenyewe ikipata msamaha kama kawaida. Sharti lake ni kwamba fedha zisipite mkononi mwake: zinapokewa na mpatanishi maalumu tangu siku ya makabidhiano, mali mpya inatajwa ndani ya siku 45, na inanunuliwa ndani ya siku 180. Na mali iliyouzwa ikiwa Marekani, mpya lazima nayo iwe Marekani. Ya nje haikubaliki. Hilo lilimaliza mjadala. Mama anataka kupumzika na ngazi, theluji na simu za usiku za mabomba. Kumnunulia wapangaji wengine ili aahirishe kodi ingekuwa kumfanyia kazi kodi, si kumfanyia kazi yeye.

Mwanawe aliuliza kama mama angehamia ghorofa ya katikati miaka miwili kabla ya kuuza, ingeokoka nayo. Watu husimuliana mbinu hiyo sana, na ilikuwa na nguvu zamani. Tangu 1 Januari 2009, miaka ambayo makazi yalitumika kwa jambo lingine kabla ya mwenyewe kuhamia inapunguza msamaha kwa uwiano. Katikati palipangishwa miaka 12 kati ya 14. Hata tukiitazama kwa jicho la huruma, ni 2/14 tu ya faida ya ghorofa ile ingesamehewa: kwenye dola 146,000, ni kama dola 20,857, na uchakavu usingesamehewa hata kidogo. Wala isingekuwa rahisi kueleza ni ghorofa ipi iliyokuwa makazi makuu siku ya kuuza.

Njia ya tatu aliiuliza mwenyewe: arudi nyumbani, aache apatimenti zote tatu zikiwa na wapangaji, auze baadaye. Kwa ghorofa ya chini angekuwa na miaka 3 tangu kuhama kabla msamaha haujamponyoka, na kupangisha kwa kipindi hicho, kwa kuwa kunakuja baada ya makazi, hakumpunguzii msamaha. Uchakavu ungeanza kuhesabiwa ghorofa ya chini pia. Angekufa akiwa bado anaimiliki, watoto wangerithi kwa thamani ya soko ya siku ile na faida ya miaka yote hiyo isingetozwa kodi ya mapato. Alicheka kwa hilo, akasema yeye hajapanga kufa kwa ajili ya hesabu. Kwa kuwa ni raia, hakuhusika na kanuni inayomlazimisha mnunuzi kuzuia hadi 15% ya bei muuzaji anapokuwa mgeni asiye mkazi. Ndugu mwenye kadi ya kijani anayefikiria kuirudisha aiangalie hiyo kabla ya kuweka nyumba sokoni.

Kujaza

Baada ya makabidhiano ilikuja Fomu 1099-S, taarifa ya mauzo ambayo nakala yake huenda IRS, ikionyesha dola 780,000 nzima, bila mgawanyo wowote. Muuzaji wa nyumba ya familia moja anaweza kutia saini tamko na fomu hiyo isitolewe kabisa. Mwenye wapangaji hawezi, maana tamko lenyewe linamtaka aseme hakuna sehemu iliyotumika kwa kupangisha. IRS imeshaiona hiyo 780,000, kwa hiyo vipande vyetu viwili lazima virudishe jumla hiyohiyo. Dola 260,000 za ghorofa ya chini zilikwenda Fomu 8949, gharama za kuuza zikiwa kwenye safu yake na faida ya 122,000 ikiondolewa kwa alama ya msamaha wa makazi. Dola 520,000 za ghorofa mbili zilikwenda Fomu 4797, sehemu ya tatu, ambako uchakavu unajitokeza wenyewe, kisha faida ikahamia Jedwali D.

Mgawanyo wa theluthi kwa ukubwa wa sakafu ndio tulioutumia kwenye Fomu 3115, na ndio tulioutumia kugawa bei ya kuuza. Kanuni zinataka njia iwe moja. Mtu hawezi kugawa uchakavu kwa eneo, halafu siku ya kuuza agawe kwa pango ili ghorofa yake ionekane ina thamani kubwa.

Kwa malipo, makato ya mshahara wake ya 2025 yalikuwa yamefikia kodi yake yote ya shirikisho ya mwaka uliotangulia, na kipato chake cha 2024 hakikuvuka dola 150,000, kwa hiyo faini ya kuchelewesha malipo ya robo mwaka kwa serikali ya shirikisho haikumgusa. Massachusetts tuliilipa makadirio ya robo ya tatu mapema. Zilizobaki, dola 51,000 na ushei za shirikisho, nilimwomba aziweke kwenye akaunti ya akiba tofauti siku ileile fedha za mauzo zilipoingia, na asizihesabu kama zake hadi tarehe 15 Aprili 2026. Mafundi wa nyumba ya nyumbani kwao walilipwa kutoka kwenye akaunti nyingine.